Kupanga jeti za kabureta ili injini iitikie resi: mwongozo kamili kwa pikipiki na kwadi za njia mbovu

Injini ikisita unapofungua resi ghafla katikati ya kilima, karibu kila mtu hukimbilia jeti kuu, yaani kile kipande kikubwa chenye tundu linalopima petroli. Inatolewa, inawekwa kubwa zaidi, na kusita kunabaki palepale. Wala si ajabu, kwa sababu pale injini inaposita jeti kuu bado haijapewa kazi. Matatizo mengi ya resi kwenye pikipiki za njia mbovu, na kwenye zile za magurudumu manne ambazo wengi huziita kwadi, yako chini ya nusu ya resi. Huko wanaotawala ni jeti ndogo, skrubu ya mchanganyiko, mkato wa slaidi (kizuizi cha hewa kinachoinuka unapofungua resi) na sindano inayoning'inia kwenye slaidi hiyo. Jeti kuu ina zamu yake, ila si ya kwanza.

Maneno mawili yatarudi mara nyingi hapa chini. Mchanganyiko mzito ni ule uliozidi petroli. Mchanganyiko mwepesi ni ule uliopungukiwa petroli. Kwa uzito, petroli huungua kikamilifu ikipata hewa mara 14.7 ya uzito wake. Injini inayotakiwa kutoa nguvu zake zote hupenda mzito kidogo kuliko hapo, yaani hewa mara 12.5 hadi 13. Ukizidisha uzito, nguvu inapungua, plagi inachafuka na mafuta yanakwenda bure. Ukizidisha wepesi, joto linapanda, na kwa injini ya mipigo miwili inayolainishwa na oili iliyochanganywa ndani ya petroli, pistoni inaweza kung'ang'ania kwenye silinda. Ndiyo maana ukiwa na shaka unaanzia upande wa uzito kisha unapunguza polepole. Kinyume chake ni kamari.

Nani anatawala wapi

Kinachohesabika ni kiasi ambacho resi imefunguliwa, si kasi ya mzunguko wa injini. Injini inaweza kulia kwa kasi kubwa ukiwa robo ya resi kwenye mteremko, na inaweza kwenda polepole resi ikiwa wazi yote kwenye mchanga mzito. Kabureta haijui mzunguko kama unavyoujua wewe. Inajua slaidi imeinuka kiasi gani na hewa inapita kwa nguvu gani.

Kuanzia resi ikiwa imefungwa hadi takriban moja ya nane, kazi ni ya jeti ndogo pamoja na skrubu ya mchanganyiko. Kuanzia moja ya nane hadi robo, mkato wa slaidi, yaani ule mteremko uliokatwa chini ya slaidi upande hewa inakoingilia, unashirikiana na sehemu ya sindano iliyonyooka. Robo hadi robo tatu ni eneo la sindano: unene wake, jinsi inavyochongoka, na mahali ilipo klipu inayoishikilia kwenye slaidi. Robo tatu hadi mwisho ni jeti kuu, ambayo mafundi wengi huiita meni jeti. Mipaka hii haijachorwa kwa rula. Kila sehemu inaingia kidogo katika eneo la jirani yake, na jeti ndogo inaendelea kutoa petroli hata resi ikiwa wazi, ingawa mchango wake wakati huo ni mdogo.

Ili ujue uko wapi unapoendesha, bandika kipande cha utepe mweupe kwenye mkono wa resi na kingine kwenye kasha lake lisilozunguka. Chora mstari resi ikiwa imefungwa, kisha robo, nusu, robo tatu na mwisho. Kwenye kwadi inayotumia kidole gumba, chora kwenye wenzo na kasha. Kazi hii ni ya dakika chache, na bila hiyo kila unachosema kuhusu tabia ya injini ni kukisia.

Kwanza hakikisha kosa ni la kabureta

Kabureta hulaumiwa kwa makosa mengi ya wengine. Kabla ya kununua jeti hata moja, pitia yafuatayo.

Filta ya hewa iwe safi na, kama ni ya sponji, iwe imepakwa oili yake inavyotakiwa. Filta iliyojaa vumbi hufanya mchanganyiko uwe mzito, na ukipanga jeti juu ya filta chafu, siku utakayoiosha utakuwa mwepesi pasipo kujua. Plagi iwe nzima na ya joto lililopendekezwa na mtengenezaji. Kwa injini ya mipigo minne, pima uwazi wa valvu. Valvu zilizokaza huleta ugumu wa kuwaka na sailensa isiyotulia, na dalili hizo hufanana sana na jeti ndogo iliyoziba. (Sailensa hapa ni mzunguko wa injini resi ikiwa imefungwa.) Kwa injini ya mipigo miwili, angalia vibao vya ridi, yaani valvu ya mchanganyiko unaoingia kwenye injini, kama vina ufa au havifungi vizuri, na kama bomba la moshi halijajaa masizi ya oili.

Kisha tafuta hewa inayopenya. Injini ikiwa kwenye sailensa, nyunyizia maji kidogo kidogo kwenye raba inayounganisha kabureta na silinda, na pembezoni mwa gasketi. Mlio ukibadilika, kuna ufa. Hewa hiyo haijapita kwenye kabureta, kwa hiyo hakuna jeti itakayoirekebisha ipasavyo. Injini ambayo ukiachia resi inachelewa kushuka, inaning'inia juu kwa sekunde kadhaa ndipo irudi, ichunguzwe hapa kwanza.

Waya wa resi nao uangaliwe: uwe na mchezo wa milimita 3 hadi 5 kwenye mkono, usivutike usukani unapokatwa kushoto au kulia, na slaidi irudi yenyewe kwa kishindo unapoachia. Halafu hakikisha slaidi inafika juu kabisa resi ikiwa wazi yote. Wapo watu waliobadilisha jeti kuu mara kadhaa kumbe resi yao haifunguki zaidi ya robo tatu.

La mwisho ni mipira ya kupumulia ya bakuli la kabureta, kwa kuwa pikipiki ya njia mbovu huishi kwenye matope. Ncha za mipira hiyo zikizibwa na tope au zikazama majini, hewa haiingii kwenye bakuli, petroli haishuki kwenye jeti, na injini inakufa katikati ya mto. Wengi huweka kiungo cha njia tatu na kupandisha tawi moja juu, chini ya tangi, ili kabureta ipumue hata ncha za chini zikizama. Ni kazi ya gharama ndogo, na binafsi naiona ya lazima kwa yeyote anayevuka maji.

Zana na tahadhari

Fanya kazi mahali penye hewa, mbali na moto wowote, injini ikiwa imepoa unapofungua bakuli. Vaa miwani unapopuliza jeti. Kabureta nyingi za Kijapani zina skrubu za msalaba za kipimo cha JIS, na bisibisi ya kawaida ya msalaba huziharibu vichwa. Tafuta bisibisi yake halisi, au badilisha skrubu za bakuli uweke za funguo ya pembe sita. Jeti ni za shaba ya njano, laini: zikazwe kwa mkono mwepesi na kwa bisibisi bapa inayojaza mfuo wake.

Kusafisha na kimo cha boya

Fungua bakuli, toa jeti zote mbili, ziinue kwenye mwanga. Tundu la jeti ndogo ni jembamba mno, chini ya nusu ya milimita mara nyingi, na petroli iliyokaa miezi hugeuka utando unaolipunguza bila kuliziba kabisa. Jeti ya namna hiyo hupitisha mwanga lakini haipitishi petroli ya kutosha. Tumia dawa ya kusafishia kabureta na hewa ya kompresa. Usichokoe kwa waya wa chuma, maana ukipanua tundu kidogo tu, namba iliyoandikwa kwenye jeti inakuwa uongo. Uzi wa mshipi wa samaki unatosha. Toa pia skrubu ya mchanganyiko, lakini kwanza ikaze taratibu hadi iguse chini huku ukihesabu mizunguko, uandike. Nyuma yake kuna springi, kuna washa ndogo na raba ya duara kwenye aina nyingi. Raba hiyo hubaki ndani ya tundu na kusahaulika, kisha skrubu haishiki mpangilio wowote.

Sasa boya, au flota. Kimo cha petroli ndani ya bakuli huathiri kila jeti kwa wakati mmoja. Petroli ikiwa juu, mchanganyiko ni mzito kote. Ikiwa chini, ni mwepesi kote, na kwenye mashimo na kuruka injini hukatikakatika. Geuza kabureta kwa mshazari hadi ulimi wa boya uguse kijiti cha valvu bila kuminya springi yake, kisha pima kutoka uso wa gasketi hadi upande wa juu wa boya. Kipimo kiko kwenye kitabu cha chombo chako. Kurekebisha ni kukunja ulimi kidogo sana. Kabureta ambayo kimo chake hakijapimwa haipangiki. Unaweza kushinda siku nzima ukibadilisha jeti ili kufidia milimita 2 za boya.

Jeti ndogo na skrubu

Hapa ndipo mwitikio wa resi unapozaliwa, kwa hiyo usiwe na haraka.

Tambua skrubu yako ni ya aina gani. Ikiwa iko upande wa filta, ni skrubu ya hewa: kuilegeza kunaongeza hewa na kufanya mchanganyiko uwe mwepesi. Ikiwa iko upande wa injini, mara nyingi chini ya kabureta, ni skrubu ya petroli: kuilegeza kunaongeza mafuta na kufanya mchanganyiko uwe mzito. Kabureta za injini za mipigo miwili kama Keihin PWK huwa na ya hewa. Zile za mipigo minne kama Keihin FCR huwa na ya petroli. Ukichanganya hizi mbili, kila unachofanya kitakwenda kinyume.

Pasha injini joto kwa kuiendesha dakika kumi, si kwa kuisimamisha ikiunguruma. Pandisha sailensa kidogo kuliko kawaida kwa skrubu ya kimo cha slaidi. Anza na skrubu ya mchanganyiko ikiwa imelegezwa mzunguko mmoja na nusu kutoka ilipogusa chini. Ikaze robo mzunguko kwa robo, ukisubiri sekunde kadhaa kila mara, hadi injini ianze kushuka au kutetereka. Kumbuka mahali hapo. Kisha ilegeze vivyo hivyo, injini itapanda, itafika kilele, itaanza tena kushuka. Mahali sahihi ni pale mzunguko ulipo juu na mlio umetulia, katikati ya ncha hizo mbili. Rudisha sailensa chini, halafu rudia zoezi, kwa kuwa kushusha slaidi kumebadilisha mnyonyo.

Mahali skrubu ilipotulia panakwambia habari za jeti ndogo. Kwa skrubu ya hewa, ikitulia chini ya mzunguko mmoja, injini inaomba petroli zaidi, basi weka jeti ndogo kubwa zaidi. Ikitulia zaidi ya miwili na nusu, weka ndogo zaidi. Kwa skrubu ya petroli ni kinyume: zaidi ya miwili na nusu ni ishara ya jeti kubwa zaidi, chini ya mmoja ni ishara ya ndogo zaidi. Na kama ukiizungusha injini haijali kabisa, aidha njia yake imeziba, aidha jeti ndogo iko mbali mno na inayotakiwa, aidha slaidi imeinuliwa juu sana kiasi kwamba injini inapumulia kwingine.

Chukua hatua ndogo kwenye jeti hii. Namba za jeti za Keihin zinafuata kipenyo cha tundu kwa sehemu za mia za milimita, na petroli hupita kwa kadiri ya eneo la tundu, si kipenyo. Kutoka 42 hadi 45 kunaonekana ni kidogo, lakini eneo limeongezeka karibu asilimia 15. Kutoka 150 hadi 155 kwenye jeti kuu eneo linaongezeka chini ya asilimia 7. Ndiyo maana hatua moja ya jeti ndogo unaisikia mara moja mkononi, ilhali hatua moja ya jeti kuu wakati mwingine hata huitambui.

Mlipuko mdogo kwenye bomba la moshi unapoachia resi mteremkoni ni dalili ya wepesi kwenye jeti ndogo, ila kagua kwanza kama bomba halivuji pale linapoungana na silinda. Mvujo huo hutoa mlio uleule.

Jeti kuu

Rukia sasa mwisho wa resi, sindano uiache kwanza. Sababu ni kwamba sindano inafanya kazi kati ya ncha mbili, na ukiipanga kabla ncha hazijatulia utairudia. Wapo mafundi wanaoanza na jeti kuu kabla ya ndogo, na hawakosei. Muhimu ni sindano isitangulie.

Tafuta njia ndefu iliyonyooka, isiyo na watu, ikiwezekana yenye mwinuko kidogo ili injini ibebe mzigo. Vaa kofia ngumu na mavazi kamili. Gia ya tatu au ya nne, resi wazi yote. Ikiwa injini inavuta vizuri kisha inaanza kugugumia, moshi mzito, sauti inazibwazibwa bila kupanda tena, ni mzito. Ikiwa inavuta kavu, inakosa pumzi juu, na ukirudisha resi kidogo ghafla inaongeza kasi, ni mwepesi: kurudisha resi kumeongeza uwiano wa petroli. Achia mara moja, usirudie jaribio hilo, weka jeti kubwa zaidi.

Uthibitisho ni kusoma plagi. Weka plagi mpya, pasha injini, endesha resi wazi yote umbali wa kutosha, kisha kwa pamoja bonyeza klachi na kitufe cha kuzima bila kurudisha resi kwanza. Ukiachia sailensa ifanye kazi hata sekunde chache, plagi itakuonyesha hali ya jeti ndogo. Toa plagi uitazame ndani kabisa, pale kauri nyeupe inapoanzia. Rangi ya hudhurungi nyepesi ni salama. Nyeusi yenye masizi ni mzito. Nyeupe kavu inayong'aa ni mwepesi, na chembe ndogo za kijivu zinazometa juu ya kauri zinaweza kuwa alumini ya pistoni: simama hapo. Petroli isiyo na risasi huacha rangi hafifu, kwa hiyo usitarajie picha iliyokolea kama ya vitabu vya zamani.

Usichukue namba ya jeti ya chapa moja ukaifuata kwa nyingine. Jeti kuu za Mikuni zenye kichwa cha pembe sita hupimwa kwa kiasi cha petroli kinachopita, si kipenyo, hivyo 150 ya Mikuni na 150 ya Keihin hazilingani. Jeti bandia zisizo na chapa nazo hazitabiriki.

Sindano

Sindano ndiyo inayokubeba muda mwingi wa safari, kwa kuwa njia mbovu huendeshwa robo hadi robo tatu ya resi. Watu huihudumia kidogo kuliko inavyostahili.

Nyingi zina mifuo mitano ya kubana klipu, inayohesabiwa kutoka juu, ingawa zipo zenye minne au saba. Kushusha klipu mfuo mmoja kunainua sindano, na mchanganyiko unakuwa mzito. Kupandisha klipu kunaishusha sindano, mchanganyiko unakuwa mwepesi. Jaribu gia ya tatu, nusu ya resi, ushikilie hapo. Injini inayosukasuka, ikivuta na kuacha bila wewe kugusa kitu, ni nyepesi. Inayonguruma kwa uzito, ikidondosha oili nyeusi kwenye kiungo cha bomba la moshi kwa ile ya mipigo miwili, ni nzito. Kisha jaribu kupita taratibu kutoka robo hadi robo tatu ndani ya sekunde mbili. Kuvuta kunatakiwa kuongezeke bila shimo.

Tatizo likikaa kwenye robo ya kwanza tu na klipu haisaidii, unaangalia unene wa sehemu iliyonyooka ya sindano. Nene zaidi ni nyepesi, nyembamba zaidi ni nzito. Kitabu cha chombo au cha kabureta huonyesha jinsi ya kusoma herufi na namba zilizoandikwa kwenye sindano. Ikague pia kwa kucha: ikiwa na makovu upande mmoja, imesuguana na bomba lake dogo inamopita ndani ya kabureta, na bomba lenyewe limepanuka kuwa la mviringo wa yai. Sindano mpya katika bomba lililochakaa itaendelea kuwa nzito daima.

Kusita unapofungua ghafla

Mpaka hapa tumepanga resi iliyotulia. Kufungua ghafla ni jambo jingine. Slaidi inapoinuka kwa haraka, hewa inaongezeka papo hapo, lakini petroli ni nzito na inachelewa. Isitoshe, kasi ya hewa juu ya tundu la petroli inashuka kwa muda, na mnyonyo unapungua. Kwa hiyo kila ufunguaji wa ghafla ni sekunde ndogo ya wepesi. Kazi ya mpangaji ni kufunika sekunde hiyo bila kuifanya injini iwe nzito muda wote.

Kabla ya kubadilisha kitu, jua kusita kwako ni kwa wepesi au kwa uzito, kwani kwa sikio vinafanana. Ukiwa na injini ya moto, vuta choki kidogo kisha fungua ghafla. Kusita kukipungua, ulikuwa mwepesi. Kukizidi, funga bomba la tangi na uendelee kujaribu huku petroli ikishuka kwenye bakuli: injini ikianza kuitikia vizuri muda mfupi kabla ya kuzima, ulikuwa mzito. Jaribio hili la pili lifanye pikipiki ikiwa imesimama, na usilifanye kwa resi kubwa.

Kwa injini ya mipigo miwili, wepesi wa ghafla hutibiwa kwanza kwa jeti ndogo, kisha kwa sindano. Mkato wa slaidi ni hatua ya mwisho: namba kubwa ni mkato mkubwa, hewa nyingi, mchanganyiko mwepesi. Slaidi ni ghali na mara chache ndiyo yenye kosa.

Kabureta kama FCR zina pampu inayorusha petroli unapofungua. Toa kabureta kwenye raba ya filta, angalia kwa tochi huku ukifungua resi, injini ikiwa imezimwa. Mrusho uanze mara slaidi inapoanza kuinuka, usigonge slaidi, uwe mwembamba ulionyooka, na uwe mfupi. Ukichelewa au ukiwa dhaifu, kiwambo cha pampu kimechoka au njia imeziba. Ukirefuka sana, injini inazama kwa uzito. Kiasi kinarekebishwa na jeti ya kuvuja iliyo ndani ya bakuli: kubwa zaidi hurudisha petroli nyingi kwenye bakuli, na mrusho unapungua, ndogo zaidi huuongeza.

Kwadi nyingi na pikipiki za safari zina kabureta ya kiwambo, ambayo wewe unafungua kipepeo tu, yaani bamba linalozunguka njiani mwa hewa, na slaidi inainuliwa na mnyonyo. Hapa kusita kunatoka mara nyingi kwenye kiwambo chenyewe. Toa kifuniko, kinyooshe kiwambo mbele ya taa: tundu dogo kama la sindano ya kushonea linatosha kuinyima slaidi nguvu ya kupanda. Usiisafishe sehemu hii kwa dawa kali, raba inavimba. Utawakuta watu wakikata springi ya slaidi au kupanua tundu lake ili ipande haraka. Mimi singeanza huko. Slaidi ikipanda haraka kuliko hewa inavyohitaji, unapata kusita kulekule ulikokuwa unakimbia, na tundu lililotobolewa halirudi.

Mwinuko, joto na petroli

Hewa ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari ni nyepesi kwa takriban asilimia 9 kuliko ya pwani. Ya mita 2,000, karibu asilimia 18. Kabureta haitambui hilo na inaendelea kutoa petroli karibu ileile, hivyo ukipanda unakuwa mzito, ukishuka unakuwa mwepesi. Kushuka ndiko kwenye hatari. Pikipiki iliyopangwa milimani kisha ikapelekwa bondeni inaweza kuvuta vizuri ajabu kwa muda, kabla ya kuharibika. Kwa mita 1,000 anza kwa hatua moja hadi mbili za jeti kuu, ndogo zaidi ukipanda na kubwa zaidi ukishuka, kisha sikiliza sindano na skrubu.

Joto nalo lina uzito wake. Hewa ya nyuzi 35 ni nyepesi kwa asilimia 8 kuliko ile ya nyuzi 10, na mpangilio uliofanywa mchana wa jua kali unaweza kuwa mwepesi alfajiri ya baridi. Tofauti ya namna hii mara nyingi skrubu inaimudu bila kufungua bakuli.

Petroli yenye asilimia 10 ya ethanoli inahitaji hewa kidogo kuliko petroli tupu, takriban mara 14.1 ya uzito wake, kwa hiyo jeti zilezile zinakuwa nyepesi kidogo. Kwa injini ya mipigo miwili, ukiongeza oili kwenye mchanganyiko umepunguza petroli katika kila tone linalopita kwenye jeti. Wanaodhani oili zaidi ni mchanganyiko mzito zaidi wanakosea upande. Chagua uwiano mmoja, mathalani 1 kwa 40 au wowote mtengenezaji anaoutaja, kisha upange jeti juu yake na usiubadilishe.

Magari ya zamani yenye kabureta

Gari la magurudumu manne yote lenye kabureta ya matundu mawili linafuata akili ileile, lakini halina sindano ya slaidi; kazi ya katikati inafanywa na jeti kuu ya tundu la kwanza. Kusita kwa ghafla huko kunasababishwa zaidi na kiwambo cha pampu kilichokauka. Toa filta, tazama ndani kwa tochi, vuta resi injini ikiwa imezimwa: usipoona mrusho, umeshapata kosa. Gari linalozima kwenye mwinuko mkali au kwenye mteremko wa ubavu lina shida ya kimo cha boya au ya tundu la kupumulia, na kuongeza jeti hakutalisaidia.

Kuandika

Badilisha kitu kimoja kwa wakati, jaribu kwenye njia ileile, kwenye gia ileile, andika. Daftari liwe na jeti ndogo, mizunguko ya skrubu, mfuo wa klipu, jeti kuu, joto la hewa, mwinuko na aina ya petroli, kisha sentensi moja juu ya tabia ya injini kwa kila eneo la resi. Ukishapanga sindano, rudi kwenye skrubu ya mchanganyiko mara ya mwisho, kwani mara nyingi itataka robo mzunguko. Kwenye mfuko wa zana beba jeti ndogo moja juu na moja chini ya uliyonayo, jeti kuu mbili kubwa zaidi na moja ndogo zaidi, klipu ya akiba ya sindano, na gasketi ya bakuli. Klipu hiyo ni ndogo na ina springi; fungua kofia ya slaidi ukiwa umetandika kitambaa chini.